Mavuno ya kahawa yanaanza kabla hujabeba kikapu

(Haya niliyaongea Uru, juu ya Moshi mjini, mwishoni mwa Juni kwenye kikao cha wakulima kabla uchumaji wa kahawa haujaanza. Vijana walirekodi kwa simu wakaniomba niweke kwa maandishi. Nimeacha vile vile nilivyoongea, nimepunguza tu Kichaga ili na wa mbali waelewe.)

Wazee wangu shikamooni. Kina mama, kina baba, vijana, habari za asubuhi. Najua baridi ni kali na ukungu bado umelala kwenye migomba, kwahiyo nyie mliokaa nyuma huko sogeeni mbele tubanane tupate joto. Hizi chupa mbili za chai mnazoziona hapa mezani ndani yake kuna kahawa, na hamna mtu ataondoka bila kuonja zote mbili. Ila sio saivi, nikifika mahali pake nitawaambia.

Nianze na kitu kinachoniuma. Msimu uliopita jirani yangu mmoja, mtu mchapakazi kweli kweli, kahawa yake ilibeba mpaka matawi yakainama. Alipalilia, akatia samadi, akapiga dawa kwa wakati, mvua ilipochelewa akafungulia maji ya mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia, zamu yake usiku wa manane. Afu ikafika siku ya kuchuma. Akachuma Ijumaa, viroba vinne vikajaa, Jumamosi kukawa na msiba huku juu tukaenda wote, Jumapili ibada, na mashine ya kumenyea alikua hajaongea na mwenye nayo. Mi nikapita kwake Jumapili jioni nikavikuta viroba vimepangwa ukutani, nikaweka mkono juu ya kimoja, jamani kilikua cha moto kama mtoto mwenye homa. Nikafungua mdomo wa kiroba ikanipiga harufu ya pombe iliyochacha. Nikamwangalia, akaniangalia, hatukuongea. Kazi ya mwaka mzima ilifia pale kwenye kile kiroba kwa siku mbili tu, na sio kwa uvivu, yule bwana sio mvivu hata kidogo, ni kwamba kila kitu alikiandaa isipokua mwisho wake.

Hicho ndo nimekuja kukiongelea leo na nitakirudia mpaka mnichoke. Toka ua linapofunguka, yale maua meupe yananukia mpaka njiani, hadi tunda liive ni miezi 8 mpaka 9. Miezi 9 ni mimba jamani. Hakuna mama anasubiri uchungu umkamate ndo aanze kutafuta kanga na beseni. Sasa kwanini kahawa tunaifanyia hivyo?

Kahawa kwenye huu mlima ni mzee kuliko yeyote aliyekaa humu ndani. Mapadre waliipanda Kilema kabla mwaka 1900 haujafika, wazee wetu wakaipokea wakaiweka kihambani, yale mashamba ya ukoo kuzunguka nyumba, chini ya migomba, 1925 wakaanzisha KNPA, chama chao cha wapanda kahawa wa Kilimanjaro, na 1933 ndo ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika. Humu ndani kuna watu ada zao zililipwa na kahawa mpaka wakamaliza shule, mi mwenyewe mmoja wapo, bati la nyumba niliyozaliwa lilikua la kahawa. Nasema haya sababu vijana wananiambia kahawa haina hela, ni zao la wazee, na ukiangalia vihamba vingi saivi miti imezeeka, imekatwa, pamejengwa vyumba vya kupangisha. Siwalaumu. Bei imetuumiza sana na miaka mingine tumelipwa kwa kuchelewa mpaka mtu anasahau alipeleka kilo ngapi. Lakini kuna sehemu ya hela tunaipoteza wenyewe, kwa mikono yetu, kati ya siku ya kuchuma na siku ya kupeleka, na hiyo ndo ipo ndani ya uwezo wetu.

Nigusie na jambo lingine maana vijana wawili walinifuata wiki iliyopita wakaniambia mama, kuna watu upande wa Meru wanapata hela haraka na ule mmea mwingine. Mnajua naongelea nini, bangi. Nyote mmesikia kwenye taarifa ya habari jinsi mashamba ya Kisimiri huko Arumeru yalivyofyekwa na kuchomwa moto, na watu nchi hii wamefungwa miaka 30 kwa hilo jani. Mtoto wa miaka 20 akitoka huko ana 50, mama yake keshazikwa. Nikawaambia hivyo kama ninavyowaambia nyie. Lakini kuna kitu walinieleza kikanikaa kichwani. Wanasema mtu anayelima kile kitu anakagua maua yake kila siku, anaangalia rangi inavyobadilika, anajua wiki ya kuvuna kabla haijafika, ameshaandaa pa kuanikia kwenye kivuli chenye hewa, hathubutu kukausha kwa pupa sababu anajua ubora utapotea. Kitu cha haramu, cha kujificha, kinapewa uangalizi wote huo. Na kahawa yetu ya halali, ambayo unaianika mchana kweupe mwenyekiti wa kitongoji akipita anakusalimia, tunaitupa kwenye kiroba siku tatu. Hilo liliniuma nikakosa usingizi.

Haya tuingie shambani.

Wiki hii, ukitoka hapa, chukua ndoo uzunguke kihamba chako mti kwa mti. Taratibu, usikimbie. Angalia kwanza zile buni kavu nyeusi zilizobaki matawini toka msimu uliopita, na zile zilizodondoka chini. Hizo ndo nyumba ya chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, na ndo nyumba ya ruhuka, kile kidudu kidogo cheusi kama mbegu ya haradali kinachotoboa tunda pale kwenye kitovu. Ukiona tunda la kijani lina katundu kadogo kitovuni, lipasue utamkuta humo ndani. Okota zote, za juu na za chini, zichome au uzifukie chini sana, usizitupe pembeni ya mgomba maana umewahamisha tu makazi. Wenye miti ya zamani, zile N39 na KP423, nyie ndo muwe macho zaidi sababu chulebuni na kutu ya majani vinaipenda miti hiyo. Wenye aina mpya za TaCRI, kituo cha utafiti wa kahawa pale Lyamungu, ambazo zilianza kutolewa 2005, mna nafuu kwenye hayo magonjwa mawili ila ruhuka hachagui.

Ukimaliza hapo toa machipukizi yote yanayopanda katikati ya mti, yanakula chakula ambacho saivi kinatakiwa kiende kwenye tunda. Ila nisikilizeni hapa, usije ukakata matawi makubwa saivi. Kupogolea kwenyewe ni baada ya mavuno. Kuna mtu alikata Julai, matawi yana kahawa ya kijani imejaa, nikamuuliza kulikoni akasema alielekezwa kupogolea kunaongeza mavuno. Ni kweli kunaongeza, ya mwakani.

Palilia chini ya mti pawe peupe ili tunda likidondoka ulione, na tawi lililoelemewa liwekee mti wa kuegemea, hata fimbo ya mgrivea inatosha. Matandazo ya majani ya migomba yasogeze kidogo yasigusane na shina. Na dawa. Jamani dawa. Kila kopo lina maandishi yanayokwambia usubiri siku ngapi kati ya kupiga na kuvuna, na maandishi ni madogo kwahiyo mpe mtoto mwenye macho akusomee. Kama hesabu inakwambia siku zitagongana na kuchuma, acha kupiga. Kahawa inaenda nchi za watu inapimwa, na hata isingepimwa ni binadamu ataiweka mdomoni.

Vifaa sasa. Hapa ndo jirani yangu alipoangukia na ndo wengi tunapoangukia.

Mashine ya kumenyea wengi tunashea, moja nyumba tano, nyumba sita. Kama mnashea, kaeni mkubaliane zamu leo, mwezi huu, sio siku ya kuchuma, na andikeni kwenye karatasi mbandike mlangoni kwa mwenye mashine. Afu mashine yenyewe muiamshe kabla. Imelala toka Desemba, bati la shaba limeota kutu ya kijani, chemchemi zimelegea, panya wamezaa humo. Ioshe, tia mafuta kwenye fani zake, afu chukua kahawa mbivu chache za mwanzo, kama kopo moja, uzimenye uangalie. Hesabu punje 100 uzitandaze kwenye sahani. Ukiona zilizopasuka au zilizokwaruzwa zinafika 5, 6, mashine imebana sana, legeza. Ukiona matunda yanapita mazima au maganda yanatoka na punje ndani, imelegea mno, kaza. Hiyo kazi ni robo saa. Punje iliyokwaruzwa inaoza upande wakati wa kuvundika, yaani tukiiacha ute wake uchache uachie, na punje chache tu zilizooza zinaharibu kikombe kizima, atakaeonja huko hajui wala hajali kwamba zilikua chache.

Andaa ndoo au sinki la kuvundikia, lisuguliwe mpaka harufu ya mwaka jana iishe. Andaa vichanja vya kuanikia, nyavu ziwe zimekazwa zisibonyee katikati maana maji yatatuama pale na hizo punje zitakua nyeusi. Nailoni ya kufunikia. Magunia ya katani. Vikapu. Kama kichanja kimoja miguu imeliwa na mchwa kibadilishe saivi, mti upo, misumari ipo, nguvu ipo. Agosti ukiwa na debe kumi za kahawa iliyolowa hutokua na muda wa kupiga misumari.

Sasa kuchuma.

Kahawa haiivi siku moja, kila mtu anajua, kwenye tawi moja una nyekundu, una njano, una kijani, na kuna mti mwingine unakuta na ua juu yake. Ndo maana inatakiwa urudi mti ule ule kila baada ya siku 10 mpaka 14, na msimu wetu huku ni toka Julai huko chini hadi Desemba huku juu. Ni safari nyingi na inachosha, najua. Ndo maana mtu anakwanyua tawi lote kwa mpigo mmoja. Na anayekwanyua mara nyingi ni kibarua, na sio kosa lake, sisi tunamlipa kwa debe, debe likijaa kapata hela yake, kwanini asikwanyue? Mi nimebadilisha kwangu. Bado nalipa kwa debe ila debe likifika tunalimwaga kwenye turubai tunachambua pamoja, mi na yeye tumekaa chini, na debe lililo safi naliongezea hela juu. Msimu wa kwanza walininung'unikia, msimu wa pili wakawa wanachambua wenyewe mtini kabla hawajaja.

Iliyoiva unaijua kwa kidole. Usiamini rangi tu maana asubuhi kwenye kivuli cha migomba macho yanadanganya. Bonyeza. Ikiiva kweli punje inaruka yenyewe ikiwa na ute, ukiweka mdomoni ute ni mtamu, utoto wetu wote tulinyonya ule ute tukitoka shule. Ikiwa mbichi unabonyeza mpaka kucha inauma haitoki.

Naomba tuonje sasa. Kijana wangu gawa vikombe, chupa ya bluu kwanza, kidogo kidogo kila mtu. Msiweke sukari, naomba, kwa leo tu. Wachaga tumelima hii kitu miaka zaidi ya 100 na wengi wetu hatujawahi kuinywa vizuri, tunakunywa chai, tunakunywa mbege yetu ya ndizi, kahawa tunaiacha iende na lori. Haya. Mnaionaje? Mzee wangu pale umekunja uso, niambie. ... Ndio, inakwaruza. Inakausha ulimi kama ndizi mbichi. Hiyo ni kahawa ya kihamba changu mwenyewe, nimechanganya makusudi mbichi na mbivu kama inavyokwanyuliwa. Sasa chupa nyekundu. ... Eeh. Ona, chumba kimenyamaza. Mama anasema ni kama ina asali kwa mbali, mwingine anasema ndimu. Wapendwa wangu, ni miti ile ile. Kihamba kile kile, mashine ile ile, mbolea ile ile ya ng'ombe wangu, nimekaanga kwenye chungu kile kile jana jioni. Tofauti ni kwamba chupa nyekundu ni mbivu tupu na imemenywa siku ile ile. Huyo anayeonja kwaajili ya mnada pale Moshi anaonja hiki mlichoonja saivi, na kwa kijiko kimoja anajua kihamba kile watu walikua makini au walikua na haraka.

Kunyweni, zipo nyingine.

Ukishachuma, siku hiyo hiyo umenye. Masaa 8 ndo vizuri, usivuke 12. Kama unajua Ijumaa hutopata mashine, usichume Ijumaa, tunda likae mtini, mti ni ghala zuri kuliko kiroba. Na msiba ukitokea, maana misiba haitoi taarifa, basi nyumba moja ibaki mtu mmoja amenye za wote, tuwekane hivyo kwenye zamu zetu. Hili nimeshaongea na watu wa mtaa wangu na tumekubaliana, nawaomba na nyie mkubaliane leo kabla hamjatawanyika.

Kabla ya kumenya mwaga kahawa kwenye ndoo ya maji. Zinazoelea ni nyepesi, nyingine zimetobolewa na ruhuka, nyingine ndani ni hewa tupu. Ziengue, zianike pembeni kama mbuni, yaani zikauke na ganda lake, zina bei yake ndogo. Zilizozama ndo umenye.

Kuvundika, kina mama mnaopika mbege mtanielewa haraka. Kahawa imetoka kwenye mashine ina ute, ute ule haufai kuanikwa nao kwa njia yetu hii ya kuosha, unauacha uchache wenyewe mpaka uachie. Watu wananiuliza masaa mangapi. Huku juu kwetu kwenye baridi inaweza kwenda 36, 48, kipindi cha ukungu nimeona hata siku tatu, kule chini karibu na barabara ya lami 24 inatosha. Mama anayepika mbege haangalii saa, anaonja, anasikiliza inavyochemka kwenye pipa. Kahawa nayo ingiza mkono, chota, ifikiche na maji. Kama bado inateleza kama bamia, iache. Kama inakwaruzana na kutoa sauti kama kokoto za mtoni, imeiva, ioshe muda huo huo hata kama ni saa nne usiku. Mi nimeosha kahawa kwa tochi ya simu mara nyingi. Ukiiacha ilale mpaka asubuhi kwa sababu umechoka, inaanza kunuka kitunguu kilichooza na hiyo harufu haitoki tena, hata uikaange vipi. Osha maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka maji yawe meupe. Ukiweza iloweke tena kwenye maji safi usiku mmoja, inatakata.

Na yale maji machafu yasirudi kwenye mfongo. Nasema hili kwa uchungu kwasababu mfongo wetu walichimba babu zetu kwa majembe ya mkono, chini huko kuna watu wanakunywa, kuna ng'ombe, na maji ya kahawa ni makali yanaua mpaka vyura. Chimba shimo. Maganda nayo yalundike na samadi, mwakani unarudisha kwenye migomba ni mbolea nzuri sana.

Kuanika ndo hapa subira inahitajika kuliko kote. Kahawa ikitoka kwenye maji ina unyevu zaidi ya nusu ya uzito wake na unatakiwa uifikishe 11 au 12 kwa 100, sio zaidi sio pungufu sana. Jua likiwepo ni siku 10 mpaka 14, na kwa ukungu wa huku wengine wiki tatu. Siku ya kwanza itandaze nyembamba, ichague, kaa na watoto na bibi mtoe zile nyeusi, zilizopasuka, zilizobaki na ganda jekundu. Baadae unaweza kuongeza unene lakini usizidi vidole viwili. Geuza, geuza, geuza. Jua la saa sita mpaka saa tisa likiwa kali funika, sababu likiipiga ikiwa bado mbichi ndani ganda linapasuka na punje inabaki uchi, imeungua nje imelowa ndani. Usiku funika, mvua ikitishia funika, na mtu wa nyumbani awepo. Usianike chini hata kama umetandika turubai, kuku watapita, vumbi litapita, na unyevu wa ardhi unapanda.

Ikikauka utaijua. Menya ganda la punje moja uing'ate, ikiacha alama ya jino bado, ikikatika kwa mlio na ndani ni kijani inayoelekea bluu, imefika. Kile kipima unyevu ningeomba kikundi tununue kimoja kwa michango, lakini jino halijawahi kunidanganya sana.

Nimalizie na lililonikuta mimi, maana nisionekane naongelea majirani tu. Msimu mmoja miaka ya nyuma nilifanya yote haya, kahawa ikakauka imependeza, inameta, mume wangu alikua akipita anaishika tu. Nikaiweka kwenye magunia nikayapandisha darini jikoni, pale tunapoweka mahindi, maana ndo pakavu na mama yangu alikua anaweka hapo hapo. Chini yake tunapika kwa kuni. Miezi miwili. Siku ya kupima mnunuzi mmoja akachukua sampuli akaenda kuikaanga, akaonja, akarudi akaniambia mama, kahawa yako nzuri ila ina moshi wa kuni, siwezi kuichanganya na za wenzako. Ikaenda kwa bei ya mwisho kabisa. Nilitembea toka mjini mpaka nilipopanda gari bila kusikia kelele za stendi. Kahawa inanyonya harufu jamani, inanyonya kila kitu, moshi, mafuta ya taa, mbolea ya dukani, vitunguu, dawa ya mifugo. Iweke chumba kinachopitisha hewa, kwenye gunia la katani, juu ya mbao, mbali na ukuta. Usiweke kwenye kiroba cha plastiki inatoka jasho. Kama chumba hicho ni cha kulala watoto basi watoto walale sebuleni miezi miwili, mi wa kwangu walilala na hawakufa.

Ndio mzee wangu, nimekusikia, unauliza kama ukifanya haya yote bei itapanda. Sitakudanganya kwamba mnada unanisikiliza mimi. Bei ya dunia inapangwa mbali na sisi, Brazil wakipata baridi kali sisi tunapata, wakivuna sana tunalia. Lakini kahawa inagawanywa madaraja, kuna AA, kuna A, B, C, kuna zile punje duara za PB, na juu ya ukubwa wa punje kuna ladha ya kikombe chenyewe. Sokoni siku moja, kihamba kimoja na kingine vinalipwa tofauti. Hiyo tofauti ndo yetu. Mwaka ambao bei ni mbaya tofauti hiyo ndo ada ya mtoto mmoja, mwaka ambao bei ni nzuri ndo bati. Na mteja akishajua kikundi cha Uru hakimpi moshi wala pombe, mwakani anauliza wenyewe wako wapi.

Haya naona ukungu umetoka na wengine mna ng'ombe hawajala. Niliwaomba mje na kahawa mbivu za kwanza kwanza, nani kaja nazo? Mama pale, na wewe, na kijana wa sweta ya kijani. Leteni. Mimineni maji kwenye hiyo ndoo nyekundu ifike nusu, mwageni kahawa zote tatu pamoja. Msizikoroge. Acheni zitulie, afu zile zinazobaki juu tuzitoe tuzipasue moja moja tuone ruhuka yumo kwenye ngapi.